Nimemaliza Njia ya Appalachian, mbona nyumbani hapakaliki?

Swali

Daktari, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, nina miaka 36, naishi Maryland, Marekani, na mume wangu. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku. Mwaka huu niliomba likizo bila malipo nikatembea Njia ya Appalachian yote, kuanzia mlima Springer kule Georgia mwezi Machi hadi Katahdin, Maine, mwishoni mwa Septemba. Nilijua nikirudi nitakuwa mtu mpya. Sasa ni katikati ya Novemba na niko vibaya kuliko kabla sijaondoka. Nachoka kutwa, usingizi hauji, juzi nimelia dukani mbele ya rafu ya sabuni. Nakula kama nilivyokuwa nakula njiani na mwili umeanza kujaa. Vidole vya miguu vina ganzi, na nikiamka natembea kama bibi kizee. Mume wangu amechoka na hadithi za njiani. Mama anasema mlima wenyewe haufiki hata geti la Marangu, sasa nilienda kutafuta nini? Nikiwa kazini usiku nafungua simu naangalia ramani za Pacific Crest Trail (PCT), ile njia ndefu ya magharibi mwa Marekani, nataka kuondoka tena Aprili. Je, naumwa au nadeka?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Hudeki. Kuhusu kuumwa, lazima nitenganishe mambo. Sehemu kubwa ya uliyoyaandika huwapata watu wengi sana waliotembea njia ndefu, na huwa inapita. Lakini humo ndani kuna vitu viwili vitatu ambavyo sitaki uviweke kwenye kapu hilohilo kabla daktari wa huko hajakupima.

Kwanza nimtetee mama. Hesabu yake iko sawa: Katahdin ina mita 1,606 hivi, na geti la Marangu liko juu ya mita 1,800. Ila Kilimanjaro unaipanda mara moja, wapagazi wanakubebea, na wiki haijaisha umeshaoga maji ya moto mjini. Wewe ulipanda na kushuka miezi sita, kilomita kama 3,500, majimbo 14, na begi mgongoni mwako mwenyewe. Ukijumlisha miinuko yote ya njia ile unapita mita 140,000. Kwa umbali ni kama kutoka Dar hadi Mwanza mara tatu kwa mguu. Mwili haufanyi kazi hiyo nusu mwaka bila kujigeuza, na ukishajigeuza haurudi ulikotoka eti kwa sababu umepanda ndege.

Ndiyo maana nadhani unajitibu ugonjwa usio wako. Unajiambia unalikosa pori. Mimi naona umesimama ghafla mno. Dereva wa lori la mzigo akianza kuushuka Kitonga hazimi injini katikati ya mteremko, anashuka na gia ndogo mpaka chini. Wewe ulizima pale Katahdin, ukalala kitanda cha hoteli, ukarudi Maryland, na siku chache baadaye ukaingia zamu ya usiku. Mengi nitakayokushauri hapa ni namna ya kuumalizia mteremko huo taratibu, hata kama umechelewa wiki saba.

Lakini kabla ya hapo, kupe. Umetembea majira yote ya joto katika ukanda ambao ugonjwa wa Lyme umejaa, kuanzia Virginia kwenda juu hadi New England. Ugonjwa wenyewe una jina la mji wa Connecticut, jimbo ambalo njia yako inalikatiza. Anayeueneza zaidi ni kupe mchanga, mdogo kuliko punje ya ufuta, na wengi walioumwa hawakumbuki kung'atwa. Dalili za mwanzo hutokea kati ya siku 3 na 30: uchovu, homa, viungo kuuma, kichwa kuuma, na mara nyingi alama ya duara kwenye ngozi inayozidi kutanuka. Picha karibu zote za alama hiyo zimepigwa kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi kama yangu na yako wekundu ule unaweza kuonekana kama sehemu iliyovilia damu, au usionekane kabisa, na ndiyo sababu watu weusi wengi hugundulika wamechelewa. Usiseme "sikuona alama" ukadhani umemaliza. Mwambie daktari wako hivi: nimelala porini miezi sita kutoka Georgia hadi Maine, nina uchovu usioisha, naomba kipimo cha Lyme. Kipimo hicho hutafuta kinga ambazo mwili umetengeneza, na kinga hizo huchukua wiki kadhaa kuonekana. Kwa muda uliopita tangu utoke porini, majibu yako yatakuwa ya kuaminika zaidi kuliko ya mtu aliyeng'atwa wiki iliyopita. Ukikutwa nao, dawa zipo na zinafanya kazi.

Damu hiyohiyo ipimwe pia wingi wake, akiba ya madini ya chuma, vitamini B12, vitamini D, tezi ya shingo na sukari. Wanawake wanaotembea au kukimbia masafa marefu huishiwa madini ya chuma kuliko wanavyodhani, na upungufu huo peke yake unatosha kumfanya mtu alie dukani. Jambo moja hukuliandika, nami naliuliza bila aibu kwa kuwa ni kazi yangu: hedhi iliendelea njiani? Kama ilikatika miezi mitatu au zaidi, mwili ulikuwa unatumia kuliko ulivyokuwa unakula, na hilo hugusa mifupa. Liseme kwa daktari hata kama imesharudi.

Na kupe wa pili, yule mwenye doa jeupe mgongoni anayepatikana zaidi majimbo ya kusini. Huyu anaweza kumwachia mtu mzio wa nyama nyekundu. Mtu anakula ng'ombe au mbuzi mchana, kisha saa 2 hadi 6 baadaye anawashwa mwili mzima, anavimba au tumbo linamkata. Ikikutokea usipuuze, na ukianza kuvimba midomo au kubanwa pumzi piga 911 hapohapo. Najua kwa mtu wa Moshi kuambiwa mbuzi basi, ndafu ya harusi utaitazama tu, ni msiba. Afadhali ujue mapema.

Miguu yako hainitishi sana. Ganzi ya vidole baada ya njia ndefu ni ya kawaida. Neva ndogo za vidole zimebanwa na kiatu na uzito kwa miezi, nazo huamka polepole, wiki kadhaa hadi miezi kadhaa. Ikiwa mwezi Februari bado zipo vilevile, au ganzi inapanda juu, au mguu mmoja unakosa nguvu, hapo nenda. Ule mwendo wa bibi kizee ni kano ya nyuma ya kisigino na utando mgumu wa chini ya unyayo, vyote vimechoka na vinakakamaa ukilala. Kabla hujashuka kitandani zungusha vifundo vya miguu, vuta vidole kuja kwako, kisha ndiyo usimame, tena ndani ya viatu. Usikanyage vigae pekupeku kwa sasa. Chupa ya maji iliyoganda, ikivingirishwa chini ya unyayo dakika chache jioni, inasaidia kuliko mafuta mengi ya kupaka yanayouzwa. Kisha pima mguu wako upya. Miguu ya watembeaji hutanuka, wengine saizi nzima, na naweza kukisia kwamba unasimama usiku kucha kwenye sakafu ngumu ukiwa umevaa viatu vya kazi ulivyonunua mwaka jana. Nunua vipya. Na vile ulivyomalizia Katahdin, ambavyo nina hakika bado unavivaa, soli yake ilikufa zamani.

Kuhusu kula sitakaa sana. Njiani mtu huchoma kalori 4,000, 5,000, siku nyingine zaidi, ndiyo maana pale Pine Grove Furnace, Pennsylvania, watembeaji wanaosherehekea kufika nusu ya njia hujaribu kumaliza nusu galoni ya aiskrimu kwa mkupuo mmoja, na wengi wanaweza. Matumizi yalikatika siku moja, njaa hukatika kwa wiki. Sehemu ya uzito unaorudi ni halali yako kabisa, ni nyama za mabega na mikono zilizoyeyuka. Usijifungie kwa njaa, maana njaa juu ya huzuni ni kujitafutia matatizo. Ondoa tu ndani ya nyumba vyakula vya njiani, yale mapande ya chokoleti, tambi za pakiti na siagi ya karanga ya kulamba na kijiko, halafu urudi kwenye mtori, maharage na mboga za majani. Sahani ile inashibisha mapema. Ongeza kunyanyua vitu vizito mara mbili kwa wiki.

Sasa tuje kwenye rafu ya sabuni.

Kumbuka asubuhi moja ya kule, yoyote ile. Mwanga unaingia kwenye hema, unaamka. Unakung'uta umande, vidole vinauma kwa baridi, unachemsha maji ya uji, unakunja, unafunga begi. Kila kitu kina mfuko wake, mkono unajua bila macho. Ukishatoka pale kazi ni kutafuta alama nyeupe kwenye mti, urefu wa kiganja, upana wa vidole vitatu, kisha nyingine, kisha nyingine. Maswali ya siku nzima ni matatu: maji yako wapi, mvua inakuja lini, nalala wapi. Jua likizama yote matatu yamejibiwa. Nani mjini anajua jioni kwamba kazi ya siku ameimaliza? Bili haijaisha, ujumbe haujajibiwa, mgonjwa wa chumba cha pili kesho atakuwa palepale. Mtu aliyeishi miezi sita akifika jioni akasema "leo nimemaliza," akirudi kwenye siku zisizokuwa na mwisho, anapotea. Ukamweka mbele ya aina thelathini za sabuni, kila moja ikimwambia achague yeye, analia. Wewe hujaharibika akili. Umezoea siku yenye umbo, na hapo nyumbani siku yako haina umbo bado.

Kwa hiyo ipe umbo, bila kuigiza pori. Chagua mambo matatu tu kila siku, uyaandike kwenye karatasi, yawe madogo kiasi cha kumalizika: kufua, kumpigia mtu fulani, kutembea saa moja. Yakiisha siku imeisha, hata kama nyumba bado ina vurugu. Dukani nenda na orodha, nunua sabuni ileile kila mara, utoke. Mambo haya yanaonekana ya kitoto. Mimi nimeyaona yakiwasimamisha watu wazima.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote kwako, nawe hukulipa hata mstari mmoja kamili, ni hiyo zamu ya usiku. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Walichukua watu 8 wakapiga kambi milimani wiki moja bila taa za umeme wala tochi, mwanga wao jua na moto tu. Wiki moja ile ilirudisha saa ya mwili nyuma kwa kama saa mbili, homoni ya usingizi ikawa inaanza kupanda jua linapozama. Wewe hukukaa wiki. Saa yako ya mwili ilifungwa kwenye jua kwa miezi sita, halafu ukaipindua juu chini kwa siku chache, tena katika majira mabaya. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa za Marekani zimerudishwa nyuma, na sasa huko kwenu jua linazama kabla ya saa 11 jioni. Sisi tuliokulia karibu na ikweta, tuliozoea jua kuzama saa 12 na ushee mwaka mzima, hatuna uzoefu wa giza hilo. Ukitoka kazini asubuhi ukalala hadi saa 9 alasiri, jua linakubakizia saa mbili, nazo unazitumia ndani kupika.

Omba zamu ya mchana hadi Machi. Mwambie msimamizi wako ni sababu ya kiafya, daktari akuandikie barua. Ikishindikana kabisa, basi ukitoka zamu tembea nje nusu saa kabla ya kwenda nyumbani, hata kuwe na mawingu, maana mwanga wa nje siku ya mawingu bado unaushinda mbali ule wa chumbani. Ndiyo, nitaambiwa kwamba mwanga wa asubuhi humfukuzia usingizi mfanyakazi wa usiku, na ni kweli. Lakini kati ya kupoteza dakika chache za usingizi na kutoliona jua wiki nzima, kwa hali yako nachagua jua. Zipo pia taa maalumu za luksi 10,000 ambazo mtu hukaa mbele yake nusu saa akianza siku yake. Muulize daktari wako kwanza, hasa kama una tatizo la macho au uliwahi kuwa na vipindi vya msisimko kupita kiasi.

Kutembea kwenyewe usikuache, na hapa una bahati ambayo wengi waliomaliza hawana. Unaishi Maryland. Kilomita kama 65 za njia yako ziko jimboni kwako, Weverton, Annapolis Rock, zote unaweza kwenda na kurudi siku moja. Na kando ya mto Potomac ipo njia ya zamani ya mfereji wa C&O, kilomita 297 kutoka Georgetown hadi Cumberland, tambarare karibu yote. Uliikanyaga kipande ulipokuwa unaingia Maryland kutokea Harpers Ferry. Kwa miguu yako ya sasa anza na tambarare: saa moja karibu kila siku, bila begi, bila kuhesabu kasi. Mara moja kwa wiki nenda mbali, kilomita 15 hivi. Mwili uliozoea mwendo wa kutwa ukinyimwa wote kwa mpigo, hamu na furaha vinashuka. Wakimbiaji wanaokatazwa kukimbia wiki mbili tu huanza kuonyesha dalili za huzuni. Punguza dozi polepole, mwezi hadi mwezi, mpaka ufike kiwango ambacho maisha yako ya kazi yanakibeba.

Usiende peke yako kila mara. Njia ile inatunzwa na vyama vya watu wa kujitolea, na chenye zamu maeneo yako ni Potomac Appalachian Trail Club, kilichoanza mwaka 1927. Wana siku za kwenda kukata miti iliyoanguka, kuchimba mifereji ya maji, kupaka upya zile alama nyeupe. Humo utakuta watu ambao ukitaja Hundred-Mile Wilderness, lile pori la mwisho kabla ya Katahdin, hawahitaji kuelezwa, na jioni ukiondoka kuna kipande cha njia kimekwisha.

Nasema hivi nikimkumbuka Emma Gatewood. Alikuwa mama wa watoto 11 kutoka Ohio, mwenye ndoa ya kipigo nyuma yake, na mwaka 1955 akiwa na miaka 67 alitembea Njia yote ya Appalachian peke yake, raba za kitambaa miguuni na kifurushi alichokishona mwenyewe begani. Alitembea tena yote mwaka 1957, na mara ya tatu kwa vipande akaimaliza 1964. Wengi huishia hapo wakimsimulia. Mimi napenda aliyoyafanya akiwa kwao. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha njia ya Buckeye ya jimboni Ohio, akatembea akiisafisha, na kila Januari akaongoza watu kwenye matembezi ya baridi kule Hocking Hills. Njia ndefu hakuiacha huko Maine, aliileta hadi mlangoni kwake.

Mwingine ni Earl Shaffer, ambaye mwaka 1948 alikuwa wa kwanza kujulikana kuitembea yote kwa mkupuo mmoja. Alikuwa ametoka kupigana Bahari ya Pasifiki, rafiki yake wa utotoni ameuawa Iwo Jima, akaenda kutembea ili vita vimtoke mwilini. Alirudi njiani mwaka 1965, kisha tena 1998 akiwa na miaka 79. Namtaja kwa sababu kuna washauri watakaokuambia kwamba kutaka kurudi ni kukimbia maisha. Si lazima. Watu wazima wenye akili zao wamerudi. Ila angalia miaka: kati ya safari yake ya kwanza na ya pili kuna 17.

Mumeo. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Umemwambia kila kitu kuhusu miezi sita yako. Umemuuliza ya kwake ilikuwaje? Alilipa pango peke yake, alilala akisubiri simu itakayopata mtandao, alijibu maswali ya ndugu zako na zake, "mkeo yuko wapi?", mara ngapi sijui. Naye ana njia aliyoitembea, na hakuna aliyempa beji. Muulize jioni moja, halafu nyamaza usikilize bila kulinganisha na mvua za Virginia. Kisha acha kumsimulia, mchukue. Mpeleke Annapolis Rock Jumapili, kilomita chache tu, ubebe wewe chakula. Kule uliitwa kwa jina la njiani ulilopewa na wenzako, na mume wako hajawahi kukutana na mwenye jina hilo. Akimwona akitembea atamwelewa kuliko akimsikia kila chakula cha jioni.

Wenzako wa njiani usiwaache pia. Naamini kundi lenu la simu limepoa. Mara nyingi ni kwa sababu kila mmoja yuko kwenye shimo kama lako na anaona aibu, wote walishapiga picha za ushindi pale kwenye kibao cha Katahdin. Usiandike kwenye kundi. Piga simu kwa mmoja, uliyemwamini zaidi, umwambie kama ulivyoniambia mimi.

Mama ni rahisi kuliko unavyofikiri. Kizazi chake kilitembea kwa dhiki: maji, shule, soko, matanga. Mtu kutembea miezi sita bila kinachomsukuma kunamfanya ajiulize kama mwanaye amerukwa na akili au ana siri. Kilomita hazimwambii kitu. Mwambie watu. Mwambie yule mzungu usiyemjua aliyeweka kando ya barabara sufuria ya chakula na maji baridi, akakataa pesa. Nani alikupa lifti kwenda mjini ulipoishiwa chakula, nani alikufunga bandeji. Mwambie ulisali wapi. Atakusikiliza usiku mzima, na kesho yake atawasimulia majirani.

Mpaka hapa nimesema kama vile yote haya yatapita, na nategemea hivyo. Lakini huzuni ikikukaa karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa zaidi ya wiki mbili, ukiwa hupati ladha ya chochote, usingizi na kula vimevurugika, kazi inakushinda, hiyo tunaiita sonona nayo inatibiwa kwa ushauri nasaha, kwa dawa, au vyote viwili. Kwa ulivyoandika, uko karibu na mstari huo, pengine umeuvuka, kwa hiyo miadi ya daktari iwe wiki hii, si baada ya sikukuu. Unahudumia wagonjwa, unajua tunavyojipuuza sisi tunaotibu wengine. Na likikujia wazo la kwamba bora usingekuwepo, hata mara moja, hata kwa sekunde, usiliache lilale na wewe. Marekani piga au tuma ujumbe 988, saa yoyote, bure. Mwambie na mumeo.

Umeuliza kuhusu Aprili. PCT ina kilomita kama 4,265, na Aprili iko mbali miezi mitano tu. Miguu yako haitakuwa imepona, akiba yako ya pesa umeila, na mwajiri aliyekupa nusu mwaka hatakupa mwingine hivi karibuni. Jibu langu kwa Aprili hii ni hapana. Usilipe chochote mpaka siku zirefuke, tuseme mwishoni mwa Machi, majibu ya damu yakiwa mkononi na usingizi umetulia. Wakati huo ukiitaka bado, kaeni na mumeo mpange ya mwaka utakaofuata au unaofuatia huo, na umuulize kama angependa kutembea hata mwezi mmoja pamoja nawe. Usiku kazini, simu hiyo iache kwenye begi.